Mbegu feki ya alizeti, wakulima wengi, kesi moja: inawezekana hapa kwetu? Na wenzetu waliorithi sheria za Uingereza wanafanyaje?

#1 Jembe la Kongwa

Mbukwenyi wakuu. Naomba msaada wa wanasheria na yeyote aliyewahi kupita njia hii.

Msimu uliopita wakulima wa vijiji vyetu, upande huu wa Kongwa hadi kuvuka Kibaigwa, tulinunua mbegu chotara ya alizeti kwa muuzaji mmoja wa pembejeo. Mifuko imefungwa vizuri, lebo inang'aa. Iliyoota ni nusu, na hiyo nusu ikatoa vichwa vidogo, ukipukuchua ni pumba. Tuliojiorodhesha mpaka sasa tumepita sitini, na wapo wengine hawajajitokeza. Hasara ya mmoja mmoja ni kati ya laki tatu na milioni moja na nusu.

Nimemfuata wakili mmoja Dodoma mjini. Ada yake inazidi hasara ya mkulima mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini muuzaji ananijibu kwa dharau: anajua hakuna mtu mwenye akili zake atakayefungua kesi ya laki tano kwa wakili wa milioni mbili.

Lakini nasikia Marekani na Uingereza watu wanashitaki kwa maelfu, hata mamilioni, kesi moja tu. Sisi sheria zetu si tulirithi huko huko? Naomba kujua: tunaweza kufungua kesi moja? Nani anamlipa wakili? Na tukishindwa, bili inakwenda kwa nani?

#2 Mgogo wa Nkuhungu

Pole sana mkuu. Taja jina la duka tulikwepe.

#3 Jembe la Kongwa

Hapana ndugu yangu. Nisije nikawa mdaiwa kabla sijawa mdai.

#4 Msomi wa Uhindini

Kaka Jembe, inawezekana, na sheria yenyewe ni ya zamani. Soma Amri ya 1 Kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33. Watu wakiwa wengi na maslahi yao katika shauri yakiwa yale yale, mmoja au wachache wao wanaweza kushitaki kwa niaba ya wote, wakipata kibali cha mahakama. Wengine wote wapewe taarifa, kila mmoja mkononi, au kwa tangazo la hadhara kama wingi wao hauruhusu kumfikia mmoja mmoja.

Kazi ipo kwenye kibali. Mahakama ya Rufani, katika maombi ya KJ Motors dhidi ya Richard Kishamba ya mwaka 1999, ilieleza kwa nini inabana hapo: mtu anaweza kuja mahakamani akadai anawasemea watu mia, kumbe baadhi walishafariki, baadhi hawakuwahi kuwepo kabisa duniani, na waliopo hawajamtuma. Kwa hiyo lazima uiridhishe mahakama kwamba hao watu wapo na kwamba wamekutuma. Ndiyo maana majaji wetu wanapenda kuona orodha yenye majina na sahihi.

Tofauti yetu na Marekani inaanzia hapo. Marekani hakuna anayekuuliza umetumwa na nani. Kanuni ya 23 ya mwenendo wa madai katika mahakama zao za shirikisho, kama ilivyoandikwa upya mwaka 1966, inamtaka jaji aridhike kwamba watu ni wengi mno kuunganishwa kwa majina, kwamba kuna swali linalowahusu wote, kwamba dai la anayeongoza ni la aina ile ile ya wenzake, na kwamba atawalinda inavyostahili. Kwa madai ya fedha anaongeza masharti mengine: yale maswali ya wote yawe mazito kuliko ya mtu mmoja mmoja, na njia ya kundi iwe bora kuliko njia nyingine. Jaji akishakubali, kila anayeingia kwenye maelezo ya kundi yumo, hata kama amelala usingizi. Asiyetaka ndiye anayeandika barua kujitoa.

Kwetu asiyesema lolote yuko nje. Kwao asiyesema lolote yuko ndani. Mengine yote tutakayojadili kwenye uzi huu yanatokana na hilo, na mimi naona hapo ndipo muuzaji wako wa mbegu anapopatia jeuri.

#5 Mama Zabibu Hombolo

Samahani mwanangu Msomi, mimi si mwanasheria. Yaani mtu anafungwa na hukumu ya kesi ambayo hakuijua? Kesi ikipotea na mimi haki yangu imepotea, na sikuwahi hata kuitwa? Hilo silipendi hata kidogo.

#6 Msomi wa Uhindini

Shikamoo mama. Hata wao hawakulipenda bila masharti. Kuna kesi ya Hansberry dhidi ya Lee ya mwaka 1940, kutoka Chicago. Familia ya watu weusi ilinunua nyumba katika mtaa ambao wenye nyumba walikuwa wamewekeana mkataba wa kutowauzia weusi. Ikadaiwa kwamba uhalali wa mkataba ule ulishaamuliwa katika kesi ya awali iliyofunguliwa kwa niaba ya wenye nyumba wote, kwa hiyo na hawa wamefungwa nayo. Mahakama ya Juu ikakataa: huwezi kumfunga mtu kwa kesi iliyoendeshwa na watu ambao maslahi yao yanapingana na yake.

Halafu mwaka 1974 katika kesi ya Eisen wakasisitiza taarifa. Mtu yule alidai kuwa yeye binafsi amepunjwa dola 70 tu katika biashara ya hisa. Kundi lake lilikuwa na watu zaidi ya milioni 2 wenye majina na anwani zinazojulikana. Mahakama ikasema kila mmoja aandikiwe barua, na gharama ya barua hizo inabebwa na mdai.

#7 Mgogo wa Nkuhungu

Dola 70 halafu utume barua milioni mbili! Si bora usamehe ukanywe soda.

#8 Ng'ong'ona Jurist

Mgogo umegusa penyewe. Niko UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, tumepita kwenye mada hii muhula huu. Niongezee kwamba Wamarekani wenyewe wamekuwa wakiufunga mlango kidogo kidogo. Mwaka 2011 peke yake walipiga misumari miwili. Kwanza Wal-Mart dhidi ya Dukes: wanawake wapatao milioni 1.5 walidai kubaguliwa katika mishahara na vyeo. Mahakama ya Juu ikasema maamuzi yalifanywa na mameneja wa maduka mbalimbali, hakuna jibu moja linaloweza kuwamaliza wote, kundi likavunjwa. Pili AT&T dhidi ya Concepcion: wateja waliahidiwa simu za bure, wakatozwa kodi ya dola 30.22. Mkataba ulisema mgogoro wowote uende kwa msuluhishi, mtu mmoja mmoja, hakuna kundi. Mahakama ikaubariki mkataba. Sasa niambieni nani atakwenda kwa msuluhishi kwa dola 30.

Mkuu Jembe, ya Wal-Mart inakuhusu moja kwa moja. Mbegu zenu zote ni za loti moja? Namba ya loti iko kwenye lebo ya mfuko. Kama nusu yenu mlinunua loti nyingine, wakili wa muuzaji atasema hawa hawana maslahi yale yale: huyu mbegu mbovu, yule mvua ilikata, mwingine alichelewa kupanda.

#9 Jembe la Kongwa

Daah, hilo hatukuliwaza kabisa. Mifuko ninayo nane hapa nyumbani, yote namba moja. Ya wengine nitaifuatilia.

#10 Msingida wa Toronto

Wakuu salaam kutoka baridini. Huku Kanada mambo yako katikati. Quebec ndio walianza, mwaka 1978, ingawa wao sheria zao za madai zimekaa Kifaransa zaidi. Ontario wakatunga ya kwao mwaka 1992, kisha mikoa mingine ikafuata. Mikoa iliyokuwa haina sheria ikawa inajiuliza ifanyeje, hadi Mahakama ya Juu mwaka 2001 katika kesi ya Dutton iliposema majaji wanaweza kuziruhusu kesi hizi hata bila sheria maalumu ya bunge, kwa kuikuza ile kanuni ya zamani ya uwakilishi. Hapo Watanzania tungepasikiliza vizuri, maana kanuni hiyo ya zamani na sisi tunayo.

Huku pia ukikaa kimya umo. Mimi mwenyewe nilipata taarifa ya kesi ya bei ya mkate: makampuni yalishitakiwa kwa kupanga bei kwa miaka mingi, na suluhu ya mwaka 2024 ilifikia dola za Kanada milioni 500. Sikusaini popote, sikumtuma mtu. Nilinunua mkate, basi. Usidhani hizo milioni 500 zinakuja mfukoni, ukigawanya kwa walaji mkate wote ni hela ya vocha. Lakini kampuni imezitoa, na hapo ndipo penye maana.

Na kuhusu bili: Ontario kuna mfuko maalumu wa kesi za kundi. Unaweza kugharamia wataalamu na mambo kama hayo, na mkishindwa mfuko ndio unaolipa gharama za upande wa pili. Mkishinda unachukua asilimia 10.

#11 Mstaafu wa Makole

Nimekuwa karani wa mahakama miaka mingi, sasa nalea wajukuu. Vijana mnazungumzia mlango wa kuingilia, bili mnaigusa juu juu.

Marekani kila upande unamlipa wakili wake, ashinde ashindwe. Na wakili anaruhusiwa kukubali kazi kwa malipo ya sehemu ya ushindi, akishindwa halipwi. Kwa hiyo mkulima wa Marekani aliyeuziwa mbegu mbovu hatoi hata senti, wakili ndiye anayecheza kamari. Uingereza, Kanada kwa sehemu kubwa, Australia, na sisi, aliyeshindwa anamlipa aliyeshinda. Sheria yetu inamtaka hakimu akitaka kwenda kinyume na hilo aandike sababu.

Sasa mtoa mada, ukisimama wewe kwa niaba ya wenzako sitini na kesi ikaanguka, kwa kawaida anayedaiwa gharama ni aliyesimama. Hao wengine si wenye majina kwenye hati. Nimeona mtu trekta lake linapigwa mnada kwa sababu alikubali kuwa mwenyekiti wa kamati. Kabla hujatia sahihi kiapo, kikao kikae, muhtasari uandikwe kwamba kila mmoja anachangia kiasi fulani mkishindwa, na fedha ya wakili iwe imekusanywa, si imeahidiwa.

#12 Mama Zabibu Hombolo

Mzee Makole umesema. Wakati wa kuchanga watu hawaonekani, wakati wa fidia wanakuja na ndugu zao.

#13 Msomi wa Uhindini

Ndilo tatizo lililoitesa Uingereza yenyewe. Kanuni yao ya uwakilishi ni bibi wa kanuni yetu. Mwaka 1901 katika kesi ya Duke wa Bedford dhidi ya Ellis, wakulima wachache wa matunda na mboga waliruhusiwa kuwasemea wenzao wote waliodai haki ya upendeleo katika soko la Covent Garden. Jaji Lord Macnaghten akasema maslahi yakiwa ya pamoja na manung'uniko ya pamoja, uwakilishi ni halali. Ukiangalia Kibaigwa sokoni utaona ni watu wale wale. Miaka tisa baadaye, katika kesi ya Markt, wakaibana: kila mwenye mzigo melini ana mkataba wake, kwa hiyo kila mtu na lwake. Kanuni ikalala karibu karne nzima.

Wakaja na njia nyingine mwaka 2000, amri ya kuendesha kesi kwa kundi, ambayo unajiunga kwa jina. Hapo ndipo ulipo mfano wa jirani zetu. Wazee wa Mau Mau waliishitaki serikali ya Uingereza London. Mwaka 2013 serikali ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Wakafuata wengine zaidi ya 40,000 kwa amri ya kundi, kesi ya Kimathi, na mwaka 2018 ikatupwa: matukio ya miaka ya 1950, mashahidi wamekufa, muda umepita. Ndugu zetu walichelewa, na wingi wao haukuwasaidia.

Kesi ya wasimamizi wa ofisi ndogo za posta nayo inafundisha. Watu 555 walisingiziwa wizi kwa sababu ya mfumo mbovu wa kompyuta. Desemba 2019 wakapata suluhu ya pauni milioni 57.75. Ukishaondoa mawakili na mfadhili aliyetoa mtaji wa kesi, zilibaki kama milioni 12, wastani wa pauni elfu 20 kwa mtu aliyepoteza nyumba, wengine walifungwa jela. Baadaye serikali ililazimika kuanzisha mpango mwingine wa kuwafidia. Ushindi waliupata, haki ilikuja kwa mlango mwingine.

#14 Ng'ong'ona Jurist

Na Google je? Hiyo ndiyo tuliyobishania sana darasani. Mtu mmoja, Lloyd, aliishitaki Google akitaka kuwasemea watumiaji wa iPhone zaidi ya milioni 4 Uingereza na Wales kwamba walifuatiliwa kwenye intaneti bila ridhaa. Akatumia ile ile kanuni ya uwakilishi, bila watu kujiunga. Novemba 2021 Mahakama ya Juu ikakataa fidia ya jumla, kwa kuwa huwezi kuwalipa wote kiasi sawa bila kuonyesha kila mmoja ameumia nini. Lakini jaji wao, Lord Leggatt, alisema jambo ambalo naona linamfaa Jembe. Unaweza kutumia uwakilishi kupata tamko kwanza: je, mdaiwa alivunja sheria, ndiyo au hapana? Ukishapata ndiyo, kila mtu anakuja na hasara yake.

#15 Msomi wa Uhindini

Naam, na nilikuwa nakuja hapo. Ekari zenu hazilingani, hasara hazilingani. Lakini swali la kama mbegu ya loti ile ilikuwa feki ni moja kwa wote. Msiombe mahakama igawe fedha siku ya kwanza.

Hao hao Waingereza wana mlango wa pembeni tangu 2015, kwa kesi za ushindani wa biashara tu, mbele ya baraza lao la rufaa za ushindani. Huko ukikaa kimya unaweza kuwa ndani, na fidia inapigwa kwa jumla. Mtu mmoja, Merricks, aliidai kampuni ya kadi za malipo ya Mastercard pauni bilioni 14 kwa niaba ya watu wapatao milioni 46, yaani karibu kila mtu mzima. Mahakama ya Juu ilimfungulia njia Desemba 2020. Na iliisha vipi? Suluhu ya pauni milioni 200, baraza likaibariki mwaka 2025, huku mfadhili wa kesi mwenyewe akiipinga kwa nguvu kwamba ni ndogo.

#16 Mgogo wa Nkuhungu

Bilioni 14 mpaka milioni 200. Hata dalali wa mnada wa Msalato hashuki hivyo.

#17 Nala Mjini

Hawa wafadhili ni akina nani? Mtu anatoa hela yake kwenye kesi ya watu asiowajua?

#18 Msingida wa Toronto

Ni biashara. Australia ndio walioipa nafasi mapema. Mahakama yao ya Juu mwaka 2006, kesi ya Fostif, ilisema mfadhili kutafuta faida kwenye kesi ya wengine si kosa la kuifuta kesi. Zamani sheria ya Kiingereza iliona ni dhambi kabisa. Australia kwa ujumla ni wepesi kuliko wote: tangu Machi 1992 kwenye mahakama ya shirikisho unahitaji watu saba tu wenye madai yanayotokana na mazingira yanayofanana, hakuna hatua ya kuomba kibali mwanzoni, kila aliyemo yumo mpaka ajitoe, na wanakundi wa kawaida hawadaiwi gharama. Moto wa nyika wa Februari 2009 pale Kilmore East uliua watu 119; waathirika walishitaki na mwaka 2014 wakapata suluhu ya dola za Australia milioni 494. Mkulima mmoja mmoja dhidi ya kampuni ya umeme asingefika popote.

Uingereza mambo ya wafadhili yaliyumba mwaka 2023, Mahakama ya Juu iliposema mikataba ya kumlipa mfadhili asilimia ya ushindi ilikuwa batili kama haikufuata kanuni fulani. Kesi nyingi zikaandika mikataba upya.

#19 Mzalendo wa Chamwino

Mnatupeleka Ulaya na Australia, Afrika je? Hakuna Mwafrika aliyewahi kushinda?

#20 Msomi wa Uhindini

Yupo mkuu. Afrika Kusini. Sheria zao zimechanganyika na za Kiholanzi, lakini katika hili wametembea na wenzao wa Kiingereza. Katiba yao ya 1996, kifungu cha 38, inaruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya kundi pale haki za msingi zinapoguswa. Mwaka 2001 katika kesi ya Ngxuza, maskini wa Eastern Cape waliokatiwa posho za ulemavu bila kuelezwa waliruhusiwa kushitaki kama kundi. Bunge halikutunga utaratibu, kwa hiyo majaji wakautunga wenyewe mwaka 2012, katika kesi ya nani? Ya mkate! Makampuni yalipanga bei, walaji wakashitaki. Kwa hiyo Msingida, mkate wako una ndugu Cape Town.

Halafu wachimba dhahabu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliruhusu kesi ya Nkala dhidi ya makampuni ya migodi, kwa wachimbaji wenye ugonjwa wa mapafu wa vumbi la mwamba na wenye kifua kikuu cha mgodini, pamoja na familia za waliokwisha kufa. Mwaka 2018 wakafikia suluhu ya takribani randi bilioni 5, mahakama ikaikubali Julai 2019, na mfuko wa Tshiamiso ukaundwa kulipa. Wanaohusika ni pamoja na watu wa Lesotho, Msumbiji na Malawi. Wengi wao ni wazee vijijini ambao wasingejua hata mahakama iko wapi. Utaratibu wa kujiunga kwa sahihi ungewaacha wote nje.

#21 Mstaafu wa Makole

Babu wa mke wangu alikwenda Wenela, kwenye migodi ya Afrika Kusini, akitokea Mbeya. Alirudi anakohoa mpaka alipokufa. Na yeye angeingia humo?

#22 Msomi wa Uhindini

Shikamoo mzee, na poleni. Suluhu ile inahesabu waliofanya kazi katika migodi husika kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Kama babu alikwenda enzi za mkoloni akarudi kabla ya hapo, hayumo.

#23 Mstaafu wa Makole

Alirudi kabla. Basi.

#24 Ng'ong'ona Jurist

Msisahau India, maana Amri ya 1 Kanuni ya 8 yetu ya mwaka 1966 ni nakala ya kanuni ya India ya mwaka 1908. Wao mwaka 1976 waliifanyia ukarabati. Wakaongeza maelezo kwamba si lazima watu wawe na chanzo kimoja cha madai, na kwamba anayewakilisha hawezi kuiacha kesi wala kukubaliana na mdaiwa kimya kimya. Lazima wahusika wapewe taarifa na mahakama iridhie.

Ila India ina kovu pia. Gesi ya Bhopal ya mwaka 1984 ilipoua maelfu, bunge mwaka 1985 liliifanya serikali kuwa msemaji pekee wa waathirika wote. Mwaka 1989 serikali ikakubali dola milioni 470, na waathirika walilalamika kwamba hawakuulizwa. Kila ninaposikia mtu anasema "serikali itusemee", nakumbuka hiyo.

#25 Mzalendo wa Chamwino

Sisi hapa Dodoma tuna historia pia. Kesi ya Mchungaji Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu ilisikilizwa Mahakama Kuu hapa hapa Dodoma, namba 5 ya mwaka 1993. Jaji Lugakingira alisema raia anaweza kwenda mahakamani kuitetea Katiba kwa ajili ya umma, si lazima awe ameumizwa yeye zaidi ya wengine. Kwa nini Jembe asipite huko?

#26 Msomi wa Uhindini

Kwa sababu Mtikila ni habari ya Katiba na serikali, Jembe anataka fidia kwa muuzaji binafsi. Na hata mlango wa Mtikila ulibanwa: marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aape kwamba ameathirika yeye mwenyewe. Tulikwenda kinyume na Afrika Kusini, na mimi nalisema wazi, sikulipenda.

Matokeo yake ni kwamba wetu wakipata wakili wa nje wanakimbilia nje. Wanavijiji 71 waliodai kuumizwa kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui walipitia London, na Mei 2021 kampuni mama ikakubali kifurushi cha pauni milioni 4.3. Muuzaji wa mbegu wa Kongwa hana kampuni mama London.

#27 Nala Mjini

AMCOS yenu, chama cha ushirika cha wakulima, si imesajiliwa? Ishitaki yenyewe, mambo yaishe.

#28 Mstaafu wa Makole

AMCOS haikununua mbegu. Wakili wa kwanza atakayesimama atauliza risiti ina jina la nani, kesi itakwisha asubuhi hiyo hiyo.

Njia nyingine ipo: wote sitini muweke majina kwenye hati ya madai kama wadai, wa kwanza mpaka wa sitini. Hapo hamhitaji kibali cha uwakilishi na mzigo wa gharama unabebwa na wote. Taabu yake ni kwamba mmoja akifa lazima msimamizi wa mirathi aingizwe, mwingine akihamia Kiteto hapatikani, na shauri linaahirishwa. Watu kumi na tano ningesema fanyeni hivyo. Sitini na zaidi, ombeni kibali.

#29 Jembe la Kongwa

Nimewaelewa wakuu. Na wale ambao hawajajiorodhesha, muda wao unaendelea kwenda?

#30 Msomi wa Uhindini

Unakwenda. Dai la mkataba lina miaka 6, dai la madhara miaka 3. Marekani tangu kesi ya American Pipe ya mwaka 1974, kesi ya kundi ikifunguliwa saa inasimama kwa kila aliyemo hata kama hana habari. Australia na Ontario sheria zao zimesema hivyo hivyo. Kwetu usitegemee kinga hiyo. Ambaye hayumo kwenye orodha ahesabu kwamba saa yake inatembea.

Kwa hiyo fanya hivi: itisha kikao, chagueni wawakilishi watatu, asiwe mmoja, ili mmoja akinunuliwa soda na muuzaji wabaki wawili. Kwenye muhtasari andikeni kwamba hawawezi kukubali suluhu bila kikao kingine, maana hiyo ndiyo kinga mliyo nayo dhidi ya yaliyowakuta Bhopal. Kila mtu aandike jina kamili, kijiji, ekari, namba ya loti, kiasi alicholipa, na sahihi au dole gumba. Kisha wakili aandae maombi ya kibali yenye kiapo, na orodha iwe kiambatanisho. Na pelekeni sampuli ya mbegu TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, mapema, kama kuna mfuko ambao haujafunguliwa.

#31 Mama Zabibu Hombolo

Na waliotupa risiti je? Wengi wetu tukishanunua tunawashia moto jikoni.

#32 Mstaafu wa Makole

Binti yangu, waliolipa kwa simu wachapishe taarifa ya miamala. Wengine walete mfuko wenye namba ya loti na shahidi aliyekuwepo dukani, lakini kila mmoja awe na shahidi wake, wasilete wote mtu yule yule. Asiye na risiti, muamala, mfuko wala shahidi, mtoa mada asimwingize kwenye orodha hata kama ni shemeji yake. Jina moja lisilothibitika ndilo wakili wa upande wa pili atakalolishika kuyatilia shaka yote.

#33 Jembe la Kongwa

Shemeji yangu kweli yumo, na hana kitu mkononi. Namtoa leo. Kikao ni Jumamosi baada ya mnada, wa Mlali na Pandambili mnaosoma hapa njooni na mifuko.